Cherehani na Chekechea: Shule za Waliorudi Kutoka Msituni

Mwaka 2001 Sista Rosemary Nyirumbe, mkunga wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu, alitumwa na wakubwa wake kwenda Gulu, kaskazini mwa Uganda, akaongoze shule ya ushonaji. Shule hiyo, St. Monica, ilikuwa imeanzishwa na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wasichana waliokatiza masomo. Alikuta majengo yanayotosha mamia ya wanafunzi, na ndani yake wasichana wachache mno. Hakuhitaji kuuliza sababu. Mji ulikuwa ndio kwanza umetoka kwenye Ebola, ugonjwa uliokuwa umeua watu 224 nchini Uganda, wengi wao wa Gulu. Barabara za vijijini zilikuwa za kuviziwa. Vita vilikuwa vinakaribia kutimiza miaka 15, na mzazi aliyebakiwa na binti hakuwa tayari kumlaza kwenye bweni.

Hata kati ya wale wachache, sista aliona baadhi wanakaa darasani bila kufuata somo. Hawakuwa watukutu, na hawakuwa wajinga. Walipoanza kumwamini ndipo walipofungua kinywa: walikuwa wametekwa wangali watoto, wakatembezwa hadi Sudan na mizigo kichwani, wakapewa bunduki, wakagawiwa kwa makamanda kama wake. Walikuwa wametoroka, wakarudi nyumbani, wakaandikishwa shule, na hakuna aliyewauliza lolote. Mwalimu alikuwa akiwafundisha kupima kiuno na bega watu ambao usiku hawalali.

Ili tuelewe kilichofuata, lazima turudi nyuma kidogo. Yoweri Museveni alichukua serikali Januari 1986, na kaskazini, hasa kwa Waacholi, kukazuka uasi juu ya uasi. Alice Auma, aliyejulikana zaidi kama Lakwena, aliwaongoza wafuasi wake hadi karibu na Jinja kabla ya kushindwa mwaka 1987. Joseph Kony akaunda kundi lake, lililokuja kuitwa LRA. Wakulima wa Acholi walipochoka kumpa vijana na chakula, aliwageuzia kibao na kuanza kuchukua watoto kwa nguvu. Baadaye serikali ya Khartoum ikampa silaha na kambi za kukaa. Utafiti uliofanyika kati ya 2005 na 2007 ulikadiria kwamba vijana wasiopungua 66,000 walitekwa kwa nyakati mbalimbali. Wengine walibebeshwa mizigo siku mbili wakaachwa. Wengine walikaa huko miaka 10.

Shule zililengwa mapema. Tarehe 20 Aprili 1995 waasi, wakiongozwa na Vincent Otti, mzaliwa wa Atiak mwenyewe, waliingia Atiak na kuua mamia ya watu kwa siku moja. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo wanafunzi wa shule ya ufundi ya pale. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996 wakaingia St. Mary's College, Aboke, shule ya sekondari ya wasichana, wakaondoka na wanafunzi 139. Sista Rachele Fassera, Mwitaliano, na mwalimu John Bosco Ocen wakafuata nyayo zao porini hadi wakawafikia. Kamanda aliwarudishia wasichana 109, akabaki na 30. Sista alilazimika kugeuka na wale 109 huku 30 wakimtazama.

Mmoja kati ya wale 30 alikuwa binti wa Angelina Atyam, muuguzi wa Lira. Atyam alishirikiana na wazazi wenzake kuunda chama cha wazazi wa watoto waliotekwa, akapiga kelele ndani na nje ya Uganda hadi waasi wenyewe wakachoka naye. Walimpelekea habari kwamba binti yake ataachiwa endapo yeye atanyamaza. Akajibu kwamba anawataka wote. Binti yake alirudi mwaka 2004, miaka minane baadaye, akiwa na watoto wawili.

Hao watoto wawili ndio kiini cha simulizi hii. Dunia iliposikia habari za Aboke ilifikiria mabinti wa sare watakaorudi kwenye madawati yao. Waliorudi walikuwa akina mama.

Kuwapokea waliorudi ilikuwa imeanza kabla ya hapo. Watu wa Gulu wenyewe waliunda GUSCO mwaka 1994, wakisaidiwa baadaye na shirika la watoto la Denmark. World Vision ikafungua kituo chake mjini humo mwaka uliofuata. Kitgum kulikuwa na KICWA, kituo cha akina mama wa huko, na Lira kikaja kituo kilichopewa jina la Sista Rachele. Maelfu ya watoto walipita katika vituo hivi. Walioshwa, wakatibiwa vidonda na risasi zilizobaki mwilini, wakacheza ngoma za kwao, wakachora picha za waliyoyaona, na ndugu zao wakatafutwa. Ilikuwa kazi njema iliyofanywa na watu waliokuwa wenyewe vitani. Lakini mtoto alikaa pale wiki chache, pengine miezi, kisha nafasi ikahitajika kwa mwingine.

Sheria ya msamaha ya mwaka 2000 ikaongeza kifurushi: godoro, jembe, vyombo vichache, pamoja na shilingi 263,000 za Uganda taslimu. Jembe lilitolewa wakati ambapo hakukuwa na shamba la kulima. Tangu 1996 serikali ilikuwa imewaamuru wanavijiji waingie kambini, na vita vilipopamba moto baada ya jeshi kuvamia kambi za Kony kusini mwa Sudan mwaka 2002, idadi ya waliohamishwa ilipanda hadi kufikia kama milioni 1.8. Uchunguzi wa kiafya wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader watu wapatao 1,000 kila wiki walikuwa wakifa zaidi ya ilivyopaswa katika hali ya kawaida. Jioni watoto walibeba blanketi na kutembea hadi mjini kulala kwenye veranda, makanisani na katika uwanja wa hospitali ya Lacor, wakarudi kwao asubuhi. Wakati mmoja walifika 40,000. Huko kambini ndiko msichana wa miaka 17 alikorudishwa na jembe lake, mtoto mgongoni, na baba wa mtoto akiwa bado porini.

Basi Sista Rosemary alitoa tangazo redioni. Aliwaita wasichana wote waliotoka msituni waje shuleni, wenye mimba waje, wenye watoto waje nao. Hakudai cheti cha darasa la saba wala ada ambayo hawana. Wakaja. Walikuja kwa miguu wakiwa na vitoto mgongoni, na shule iliyokuwa tupu ikaanza kujaa.

Nataka nisimame hapa, maana naona hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Shule nyingi za Afrika Mashariki wakati ule zilimfukuza msichana mara tu alipopata mimba, na aliyejifungua hakurudi. Sista alifungua chumba cha watoto ndani ya uwanja wa shule. Mama aliingia darasani asubuhi akijua mwanawe yuko hatua chache kutoka pale, amekula, na kuna mtu anayemtazama. Wakati wa mapumziko alikwenda kumnyonyesha. Wengi wa wasichana hawa hawakuwachagua baba za watoto wao, na wapo waliomtazama mtoto wakaona sura ya aliyewateka. Mtoto aliyeachwa kijijini kwa bibi aliitwa majina mabaya na majirani, na mara nyingine na bibi mwenyewe. Pale shuleni aliitwa jina lake. Mama alimwona akicheza na wenzake, akibebwa na masista, akichukuliwa kuwa mtoto kama watoto wengine, naye taratibu akajifunza kumtazama hivyo. Sijui somo lolote la cherehani ambalo lingefanya kazi hiyo.

Cherehani nayo ilikuwa na kazi yake. Anayeanza kujifunza ushonaji hupewa kwanza karatasi iliyopigwa mistari, akaishona bila uzi. Anakanyaga pedali, sindano inatoboa, na matundu yanaonyesha kama mkono umefuata mstari au umepotoka. Mguu na mkono lazima vipatane. Ukikanyaga kinyume, gurudumu linarudi nyuma na uzi unakatika. Akishaimudu karatasi anapewa kitambaa chakavu, kisha kola, kisha mfuko, kisha sketi ya sare ya shule, na mwisho gomesi, vazi la heshima la akina mama wa Uganda lenye mabega yaliyochomoza na mshipi mpana kiunoni. Kazi hii haitaki mtu aseme chochote. Inataka macho, vidole na subira. Kwa msichana ambaye kichwa chake kimejaa kelele, saa mbili za kufuata mstari ni saa mbili za kupumzika. Halafu mwisho wa wiki ana kitu mkononi alichokitengeneza mwenyewe, na mtoto wake anakivaa.

Pamoja na ushonaji, St. Monica ilifundisha mapishi na kuwasomesha wasioweza kusoma na kuandika. Baadaye ukaja ufumaji wa mikoba kutokana na vile vishikizo vya bati vya kufungulia makopo ya soda. Kila kishikizo kina matundu mawili. Sindano ya kufumia inapitisha uzi humo na kuviunganisha kimoja kwa kimoja, mamia kwa mkoba mmoja. Mikoba hiyo iliuzwa hadi Marekani. Mwaka 2007 televisheni ya CNN ilimtaja sista kati ya mashujaa wake wa mwaka, na mwaka 2014 jarida la Time likamweka katika orodha yake ya watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani. Kwangu mimi kuna heshima kubwa kuliko hizo: alikwenda kufungua shule nyingine Atiak, palepale ambapo wanafunzi wa ufundi walikuwa wameuawa.

Mafunzo ya ufundi hayakubaki kwa sista peke yake. Mazungumzo ya amani yalipoanza Juba mwaka 2006 na bunduki zikanyamaza kaskazini mwa Uganda, mashirika yalimiminika, na karibu kila moja lilikuja na mafunzo ya ufundi: ushonaji kwa wasichana, useremala na uashi kwa wavulana. Kozi ya miezi mitatu, cheti, picha ya mahafali, kwaheri. Kijiji ambacho watu wake ndio kwanza wanatoka kambini na hawana hela ya chumvi kilijikuta na mafundi cherehani wengi kuliko watu wa kushonewa, huku mitumba ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko kitambaa kipya. Wengi walihitimu bila hata cherehani. Waliopewa mashine kwa kikundi, mashine moja watu watano, wakaishia kugombana nani akae nayo. Haya hayakuandikwa sana kwenye ripoti za wafadhili, lakini kila aliyeishi huko aliyaona.

Watafiti nao walipima. Serikali ya Uganda ilikuwa na mpango wa vijana wa kaskazini, uliotoa fedha mwaka 2008 kwa vikundi vilivyoandika vyenyewe mipango ya kujifunza ufundi na kununua vifaa. Kwa wastani kila kijana alipata kama dola 382 za Marekani. Waombaji walikuwa wengi kuliko fedha, kwa hiyo waliopata walichaguliwa kwa kura, na hilo likawezesha kuwalinganisha na waliokosa. Baada ya miaka minne, waliopata walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 38. Vijana wengi walitumia fedha hizo kwa vifaa zaidi ya masomo. Baada ya miaka tisa waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kipato, ingawa waliopata bado walikuwa na mali zaidi na wengi wao wakiendelea na ufundi wao.

Shirika la AVSI lilifanya jambo kama hilo kwa watu maskini kabisa wa vijiji 120 vya Gulu na Kitgum, wengi wao wanawake. Walipewa mafunzo ya biashara ya siku tano tu, dola 150, na mtu wa kuwatembelea mara kwa mara. Wengi walichagua uchuuzi: nafaka, samaki wakavu, mafuta ya kupikia. Ndani ya mwaka mmoja na nusu kipato chao kilikuwa karibu mara mbili ya cha waliokuwa wakisubiri zamu yao. Lakini utafiti huohuo haukuona ukatili wa waume ukipungua kwa sababu mke ameanza kupata fedha. Fedha zilileta chumvi na ada ya shule. Hazikubadilisha mambo ya ndani ya nyumba.

Vipimo hivyo navichukulia kwa uzito. Vinaonyesha kwamba mafunzo bila mtaji ni nusu ya kazi, na kwamba mwanamke maskini anajua cha kufanya na dola 150 bila kufundishwa mwaka mzima. Lakini havikupima alichokifanya sista wa Gulu kwa mama asiyeweza kumgusa mwanawe. Hilo lilihitaji muda, mahali pa kulala, na watu wasiohama mradi unapokwisha.

Watoto waliokuwa wapiganaji walikuwa na tatizo jingine. Mvulana aliyetekwa akiwa darasa la pili akarudi na miaka 16 alirudishwa darasa la pili, akakaa na watoto wa miaka minane, magoti yakigonga dawati. Wengi waliacha ndani ya muhula mmoja. Mwaka 2006 serikali, kwa msaada wa Ubelgiji, ilifungua Laroo, shule ya msingi ya bweni ya Gulu iliyokusudiwa hasa watoto walioathiriwa na vita. Faida yake ilikuwa wazi: pale hakuna aliyekuwa wa kunyooshewa kidole. Wapo waliokwenda mbali zaidi. Grace Akallo, mmoja wa wale 30 wa Aboke, alitoroka, akasoma hadi chuo kikuu Marekani, na mwaka 2009 akazungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuhusu watoto wanaotumikishwa vitani.

Wakati Gulu inaanza kupumua, moto ulikuwa umehamia kwa jirani. Kony alivuka na kujificha katika mbuga ya Garamba, Kongo. Majeshi yalipomshambulia huko Desemba 2008, LRA ililipiza kwa kuua mamia ya watu vijijini siku za Krismasi, ikaendelea kuteka watoto wa Haut-Uele. Katika mji wa Dungu alikuwapo sista mwingine, Angélique Namaika, Mkongo. Mwaka 2009 yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi katika nchi yake. Alizunguka kwa baiskeli kwenye barabara za vumbi na matope akiwatafuta wanawake waliotoroka, akawafundisha kushona, kuoka mikate, kusoma na kuandika. Naye aliwapokea na watoto wao, na mayatima akawalea. Alipopewa Tuzo ya Nansen na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa mwaka 2013, wanawake na wasichana zaidi ya 2,000 walikuwa wamepita mikononi mwake. Mikate ilikuwa na akili yake: mji mdogo unakosa wateja wa gauni, lakini kila asubuhi kuna watu wanaotaka mkate.

Waliosomeshwa walianza kujisemea. Evelyn Amony, aliyetekwa mwaka 1994 akiwa na miaka 11 na kufanywa mke wa Kony, alirudi mwaka 2005. Aliongoza umoja wa wanawake waliopitia hayo, na mwaka 2014 walipeleka madai yao bungeni Kampala. Bunge lilipitisha azimio la kuwatendea haki. Madai yao makubwa hayakuhusu kozi. Yalihusu watoto wao. Kwa Waacholi ardhi hupatikana kwa ukoo wa baba, na mtoto wa msituni hana ukoo unaomtambua. Msichana anaweza kuolewa kwingine, lakini mvulana atajenga wapi? Wanawake hawa waliamua kuzitafuta wenyewe familia za wale wanaume waliowateka, wakaketi nao, wakapatanisha, ili mtoto apate jina na kipande cha ardhi. Fikiria ujasiri wa mama anayepiga hodi kwa wazazi wa mtu aliyemteka. Utafiti uliochapishwa 2017 ulizungumza na vijana 60 waliozaliwa msituni, na kati yao wapo waliosema maisha ya vitani yalikuwa afadhali kuliko ya amani, kwa kuwa kule walikuwa na familia na hakuna aliyewatukana.

Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen, kamanda wa LRA ambaye naye alitekwa akiwa mtoto, kwa makosa 61. Miongoni mwa hayo lilikuwamo la kuwalazimisha wanawake kubeba mimba, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama hiyo kutoa hukumu kwa kosa hilo. Alifungwa miaka 25. Tarehe 28 Februari 2024 majaji wakaamuru fidia ya euro zaidi ya milioni 52 kwa waathirika wapatao 50,000: euro 750 kwa kila mmoja kama ishara ya kutambua aliyoyapata, na mipango ya pamoja ya tiba na ukarabati. Waliohesabiwa kuwa waathirika ni pamoja na watoto waliozaliwa na wanawake hao. Ongwen hana fedha, kwa hiyo mfuko wa mahakama unategemea wahisani.

Wengi wa watoto hao sasa ni watu wazima, na baadhi yao wana watoto wao. Fedha hizo zitakapopatikana, zisitumike kuwaletea mama zao kozi nyingine ya miezi mitatu ya cherehani. Wanawake wa Acholi wameshasema wanachokitaka: watoto wao wasomeshwe, waandikishwe kwa majina yao, wapate pa kujenga. Na wale wanaofungua vituo leo kwa ajili ya wanawake wa Kivu, Ituri na Sudan wanaotoroka mateso kama hayohayo, waanze na chumba cha watoto, kisha wanunue cherehani.